Kwotabeki wa chuo ni kama nazi sokoni: umchukue aliyecheza mechi nyingi au mwenye mkono wa bunduki?

Kwanza tuelewane, drafti ninayoiongelea hapa sio ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni ya NFL, ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, ambapo kila mwisho wa mwezi wa nne timu 32 zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu, aliyeboronga msimu uliopita anaanza, bingwa anamalizia, raundi saba mpaka kieleweke. Kwa saa za Dar raundi ya kwanza inaanza saa tisa usiku, na mimi na shemeji yangu aliyeko Houston pamoja na washkaji wanne tuna mchezo wetu, kila mtu anachagua kwotabeki wake mmoja kabla ya ule usiku, msimu ukiisha ambaye wa kwake kaboronga kuliko wote ananunua mbuzi. Mwaka 2023 mi nilimchukua Bryce Young. Shem akamchukua C.J. Stroud. Mbuzi nilinunua mimi na hakuwa mdogo.

Sasa tumebadili sheria, badala ya msimu mmoja tunampa kijana misimu mitatu, na kuna mdogo wetu mmoja mgeni kwenye kundi kaniuliza swali ambalo nimeshindwa kumjibu kwa meseji moja. "Braza, nichukue yule aliyecheza mechi nyingi ila mkono wa kawaida, au yule mwenye mkono wa bunduki ila hajacheza sana?" Ndo hili naandika, na wengine wenye mchezo kama wetu nao wasome.

Kwa ambaye hajawahi kuangalia: kwotabeki ni kama namba kumi na nahodha na nusu ya kocha vikiwekwa kwenye mwili mmoja. Kila shambulizi mpira unaanzia mikononi mwake, ana kama sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika, awaangalie wapokeaji wanne au watano wanaokimbia kila mmoja na njia yake, ajue ulinzi wa mpinzani umejipangaje kweli na wapi unamdanganya, halafu arushe mpira pale ambapo mtu atafika, wala sio pale alipo saivi, na muda wote huo mijitu ya kilo 120 inakuja kumlaza chini. Timu ikikosa mtu hapo hata ikiwa na kila kitu kingine inahangaika miaka. Kwahiyo wanalipa bei za ajabu kumpata, na kila mwaka kuna wanaolia.

Pale sokoni ukinunua nazi unaitikisa sikioni usikie maji, unaigonga, muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake kwamba hii haijaharibika. Ukifika nyumbani ukaivunja ndo unajua. Hawa maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, nao wanatikisa tu. Wanaangalia video, wanawapeleka vijana Indianapolis kwenye kambaini wakapimwe mbio, urefu, uzito mpaka kiganja, wanawahoji, wanaongea na makocha wao wa zamani. Nazi bado haijavunjwa.

Halafu mpira wa chuo wenyewe unafanana na wa NFL kwa mbali tu. Kuna mistari miwili midogo katikati ya uwanja ambayo mpira unawekwa kati yake kabla ya kila mchezo, chuoni imeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu tu, maana yake chuoni mara nyingi mnaanzia pembeni na upande mmoja wa uwanja unabaki mpana kama uwanja wa ndege, kijana anapata nafasi ambazo kazini hatozikuta. Chuoni mpokeaji akigusa ndani kwa mguu mmoja pasi imehesabika, NFL anadaiwa miguu yote miwili, kwahiyo pasi ya pembeni inatakiwa iwe sahihi zaidi. Na mpaka juzi tu 2024 vyuo vikubwa vilikuwa havina redio ndani ya helmeti, kijana anageuka benchi kusoma mabango yenye picha na ishara za mikono, kocha ndo kaangalia ulinzi kwa niaba yake. NFL redio ipo ila inakatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya mchezo, hapo upo peke yako na Mungu wako. Sasa mtu aliyekuwa anasomewa jibu miaka mitatu utajuaje kama anajua hesabu?

Kubwa kuliko yote ni wanaomzunguka. Kijana wa Alabama au Ohio State ana wapokeaji ambao nao wanaenda NFL raundi ya kwanza, Jumamosi nyingi wapo wazi kama geti la msikiti siku ya Ijumaa. Kila pasi inaonekana nzuri.

Basi tuwaweke wawili wawili.

Young na Stroud, 2023

Naanza na kidonda changu. Young alikuwa wa Alabama, mshindi wa Heisman 2021, yaani tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kichwa kinafanya kazi kama kompyuta, kasoro yake moja, futi 5 na inchi 10 na kamwili ka pauni 204 siku ya kupimwa, na kila mtu alihisi alikunywa maji mengi asubuhi ile. Stroud wa Ohio State, futi 6 na inchi 3, pasi zake zinatua laini, lakini wakasema wapokeaji wake wanambeba, wakasema makwotabeki wa chuo kile wakifika NFL hawang'ai, halafu kukawa na kipimo cha ubongo kinaitwa S2, matokeo yakavuja, ikasemwa Young yupo juu kabisa na Stroud yupo chini huko. Mimi hicho kipimo ndo kilinimaliza. Nikasema akili haidanganyi, nikachukua kafupi kangu.

Kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu nikakipuuza ni mechi ya tarehe 31 Desemba 2022, Ohio State na Georgia, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo. Georgia ndo walikuwa mabingwa na ulinzi wao umejaa watu wa NFL, ukuta wa Stroud, yaani wale wanaomlinda, ulikuwa unavunjika, na yule kijana ambaye tuliambiwa anacheza akiwa kwenye sofa akaanza kukimbia, anatoka nje ya eneo lake, anarusha huku anasukumwa, yadi 348 za pasi, tachidauni nne, yaani ndo magoli yao. Walifungwa 42 kwa 41. Ile ilikuwa mechi moja inayofanana na NFL katika msimu mzima na jibu lilikuwa humo, mi nikaenda kuamini karatasi ya mtihani.

Timu ya Carolina walitoka namba 9 kwenda namba 1 kumpata Young, maana zamu ya kuchagua inauzika, wakatoa lile chaguo lao, moja la raundi ya pili, la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu ya hapo wakamtoa mpokeaji wao bora D.J. Moore. Yaani umenunua dereva ukalipia kwa tairi. Young akaangushwa mara 62 msimu ule, kocha akafukuzwa kabla hata ya Desemba, timu ikashinda mechi mbili kati ya 17, na lile chaguo la 2024 walilowapa Chicago likawa namba moja, Chicago wakamchukulia Caleb Williams.

Stroud kule Houston, tarehe 5 Novemba, wanacheza na Tampa Bay. Hapa kwetu ilikuwa usiku unakaribia saa sita, nimejilaza na simu kifuani. Texans, ndo hao Houston, wako nyuma 37 kwa 33, zimebaki sekunde 46, yadi 75 za kwenda, na siku hiyo mpigaji wao wa mipira ya mguu aliumia mpaka mkimbiaji ndo akaenda kupiga, na kwa pengo la nne hata wakipata pointi tatu za mguu haziwasaidii. Pasi moja, mbili, anamtafuta mtu katikati, anawahi saa, zikibaki sekunde 6 anamwona mpokeaji wake Tank Dell, tachidauni, 39 kwa 37. Yadi 470 na tachidauni tano kwa mtoto wa miezi miwili kazini. Voisi ya shem ikaingia, dakika nzima anacheka tu hasemi neno.

Lakini ngoja. Msimu wa pili Stroud alishuka, aliangushwa mara 52, mwisho wa msimu kocha wake wa ushambuliaji akaondolewa. Na Young ambaye 2024 aliwekwa benchi baada ya mechi mbili tu, alivyorudishwa alirudi mtu mwingine kabisa, anajiamini, anarusha mbali. Kwa hesabu ya mwaka mmoja nilipigwa. Kwa misimu mitatu ningejitetea kidogo.

Trubisky na Mahomes, 2017

Hii kila mtu anaijua ila watu wanaisimulia vibaya. Inasimuliwa kwamba Mitchell Trubisky alikuwa salama na Patrick Mahomes alikuwa bahati nasibu. Angalia mechi sasa. Trubisky alianza mechi 13 tu North Carolina, miaka miwili kabla ya hapo alikaa benchi nyuma ya jamaa ambaye hata hakuchaguliwa kwenye drafti. Mahomes alianza zaidi ya mara mbili ya hizo Texas Tech. Aliyeitwa mbichi ndo alikuwa na ushahidi mwingi, tatizo ushahidi wenyewe ulikuwa hauvutii machoni, anarusha kwa pembe za ajabu kama baba yake aliyekuwa mrushaji wa besiboli, timu yake ikishinda 5 ikapoteza 7. Kuna mechi moja Oktoba 2016 dhidi ya Oklahoma alirusha yadi 734, akaifikia rekodi ya vyuo vikubwa, na bado wakapoteza 66 kwa 59. Watu wakasema ni mfumo wa kocha tu.

Chicago wakatoa machaguo matatu ya ziada kupanda ngazi moja, kutoka namba 3 kwenda 2, kumchukua Trubisky. Kansas City wakapanda mpaka namba 10 kumpata Mahomes kisha wakamkalisha mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu ya mwisho wakati haina maana tena. Mwaka uliofuata tachidauni 50 na MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. Mi siamini kwamba Mahomes angekuwa wa kawaida Chicago, ila siamini pia kwamba angekuwa huyu tunayemjua. Nyumba uliyopangiwa inahesabika.

Rosen na Allen, 2018

Hapa wapenzi wa mkono wa bunduki ndo wanaponichapa, na wana haki. Josh Rosen wa UCLA ndo aliitwa aliyeiva kuliko wote mwaka ule, miguu inatembea kama kitabu, pasi safi, misimu mitatu amecheza. Josh Allen katokea shambani Firebaugh, California, hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaanzia kachuo kadogo ka jirani, akawaandikia makocha barua pepe kibao akaishia Wyoming. Huko asilimia ya pasi zake zilizofika mwaka wa mwisho ilikuwa 56 na kitu. Kwa chuo hiyo ni aibu. Mimi ningekwambia kimbia, na wenye takwimu zao walisema kimbia, kwasababu aliyekuwa anakosa chuoni akifika NFL anakosa zaidi.

Mwaka wa kwanza Buffalo ikawa kweli, asilimia 52.8. Mwaka wa tatu, 2020, ikawa 69.2, na 2024 akachukua MVP. Rosen alienda Arizona namba 10, wakashinda mechi 3 kati ya 16, kocha akafukuzwa baada ya mwaka mmoja, akaja kocha mpya na kipenzi chake, wakamchukua Kyler Murray namba moja na Rosen akauzwa Miami. Mwaka mmoja tu! Hakutulia tena popote.

Sasa nini kilitofautiana? Wengi watakwambia Allen alifanya kazi usiku na mchana, sawa, ila Rosen naye hakulala. Mi naangalia nyumba. Allen alibaki na kocha mkuu yule yule, kocha wa ushambuliaji yule yule kwa misimu minne, na 2020 wakamletea Stefon Diggs awe mpokeaji wake mkubwa. Allen ni ushahidi kwamba mbichi anaweza kupikika. Ila hesabu kuni zilizotumika.

Darasa lile lile la 2018 lina Sam Darnold, namba 3, New York Jets wakamwona bure kabisa wakamwachia baada ya misimu mitatu, akazunguka, na 2024 akiwa Minnesota akashinda mechi 14. Lina Baker Mayfield, namba 1, aliyeachwa Cleveland akaja kutulia Tampa. Na lina Lamar Jackson, ambaye kuna wazee wa mpira walitaka abadilishwe awe mpokeaji, akachaguliwa namba 32, wa mwisho raundi ya kwanza. Huyo ana MVP mbili. Mwaka mmoja, makwotabeki watano raundi ya kwanza, na ukiwapanga leo foleni yao haifanani kabisa na ya usiku ule.

Lance na Purdy

Hawa hawakuwa drafti moja ila walikuwa timu moja, na kwangu hili ndo jozi linalojibu swali la mdogo wangu kuliko yote.

2021 San Francisco wakatoa chaguo namba 12 pamoja na mawili mengine ya raundi ya kwanza ya miaka inayofuata na moja la raundi ya tatu wapande mpaka namba 3. Wakamchukua Trey Lance, miaka 20, wa North Dakota State, chuo cha ngazi ya chini ya vile vikubwa. Msimu wake wa 2019 ulikuwa kama hadithi, mechi 16 ushindi 16, tachidauni 28 za pasi na hakuna pasi hata moja iliyonaswa. Halafu Korona ikaja, 2020 akacheza mechi moja tu. Jumla alianza mechi 17 chuoni. Mwili upo, mkono upo, mbio zipo, heshima ipo. Ushahidi ndo haupo.

2022, raundi ya saba, chaguo la 262, la mwisho kabisa, lile ambalo Wamarekani wana utani wake kwamba anayechaguliwa hapo hana umuhimu, wakamchukua Brock Purdy wa Iowa State. Mfupi kidogo, mkono wa kawaida, ila ameanza mechi zaidi ya 40 chuoni. Lance akavunjika kifundo cha mguu mechi ya pili ya msimu. Jimmy Garoppolo aliyekuwa wa pili akavunjika mguu Desemba. Purdy akaingia. Mechi yake ya kwanza kuanza anakutana na Tom Brady, gwiji wa mchezo huu, upande wa pili, wakashinda 35 kwa 7. Agosti 2023 Lance akauzwa Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne, na Februari 2024 Purdy akaanza Super Bowl, fainali ya ligi.

Kinachonifurahisha kuhusu Purdy ni kitu kidogo sana ambacho ukiangalia mechi zake na simu karibu na uso utakiona: mpira unatoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Hana mkono wa kuusukuma mpira ukimbie, kwahiyo anauachia mapema. Hicho hakipimwi Indianapolis. Ni kitu ambacho mtu anakipata kwa kuumia, kwa kunaswa pasi mbele ya watu elfu hamsini Jumamosi akiwa na miaka 18, na kurudi wiki inayofuata. Mechi 40 na ushee ndo zimemfundisha.

Ila usije ukaniambia basi tuchukue watu wa raundi ya saba. Hapo ndo watu wanapotea. Tom Brady alichaguliwa namba 199 mwaka 2000, makwotabeki sita mbele yake, na kila mwaka kuna mtu anasema huyu ni Brady mpya. Mwaka ule ule namba 183 alikuwa Spergon Wynn. Unamjua? Ndo hivyo. Wa chini wengi ni Wynn, tunawakumbuka wawili watatu tu kwasababu hadithi zao ni tamu. Purdy anathibitisha kwamba mechi nyingi ni kitu, na kwamba bei ndogo haikuumizi ukikosea. San Francisco walikosea vibaya sana kwa Lance, wameokolewa na kitu walichookota mwisho wa sinia.

Kuhusu vipimo, kwa kifupi tu

Kiganja kinapimwa kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, umekitanua. Joe Burrow 2020 alipimwa inchi 9, watu wakapiga kelele, mwenyewe akatania mtandaoni kwamba anafikiria kustaafu. Msimu wake wa pili alikuwa Super Bowl. Kenny Pickett akapimwa inchi 8 na nusu, Pittsburgh wakamchukua namba 20 mwaka 2022, miaka miwili wakamwachia. Viganja vidogo vyote viwili, majibu mawili. Mi nimepima cha kwangu kwa futi ya fundi cherehani jirani, inchi 8 na robo tatu, namzidi Pickett, kama kuna timu inasoma hapa napatikana. Kulikuwa pia na mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, Wonderlic, miaka kibao wanaufanyisha, 2022 wakauondoa kambaini na hakuna aliyelia. Umri angalia kidogo: Brandon Weeden 2012 alichaguliwa raundi ya kwanza akiwa na miaka 28, bila shaka alikuwa anawaonea watoto.

Sasa mdogo wangu, uchukue yupi

Kwa ile sheria ya zamani ya msimu mmoja ningekwambia bila kufikiri, chukua aliyecheza mechi nyingi, nenda kalale. Kwa misimu mitatu kuna pa kufikiria, na hivi ndo mi naamua.

Naanza na idadi ya mechi. Chini ya 20 naogopa. Trubisky 13, Lance 17, Anthony Richardson 13, huyu ndo aliruka kambaini inchi 40 na nusu mpaka watu wakasimama, Indianapolis wakamchukua namba 4, na 2024 wakamweka benchi wamwingize Joe Flacco ambaye umri wake anaweza kumzaa. Najua utanitajia Cam Newton, msimu mmoja tu Auburn na akaja kuwa MVP 2015. Ndio, yupo. Ukiwa na uhakika kwamba wako ni Newton mchukue. Huna.

Halafu natafuta zile mechi mbili tatu ambazo ukuta wake ulizidiwa. Achana na zile za kuwafunga watu 50, tafuta ile aliyopoteza. Stroud na Georgia. Mahomes na Oklahoma. Ukiona kijana akizidiwa anabaki anaangalia mbele, macho hayashuki kuangalia wanaomkimbilia, huyo weka alama. Akianza kuangalia miguu ya maadui, hata kama mkono wake unafikisha mpira Kibaha, mwache.

Mwenye mkono wa bunduki asiyecheza sana namchukua kwa sharti moja tu, na sharti haliko kwake. Liko kwa timu: kocha ambaye kiti chake hakitikisiki, mkongwe wa kucheza badala yake mwaka wa kwanza, na mtu wa kweli wa kumrushia. Kansas City 2017 walikuwa na vyote. Buffalo 2018 hawakuwa na vyote, walijaza baadae. Tatizo kwenye mchezo wetu tunachagua kabla hatujajua anaenda timu gani, kwahiyo unanunua mbegu hujui shamba. Kwahilo tu mi nakwenda na aliyecheza, kwasababu huyo akipelekwa kwenye nyumba mbovu ana chake alichokuja nacho, mwingine ana ahadi.

Na bei. Zamani bei ilikuwa pesa, Sam Bradford 2010 alipewa dola milioni 50 za uhakika kabla hajarusha hata pasi moja, mwaka uliofuata mkataba wa ligi ukabadilika na Newton akapata kama milioni 22. Saivi bei ni machaguo, timu inauza miaka yake mitatu ijayo ili ipande nafasi chache. Ukiona timu imelipa hivo usidhani wanajua kitu usichokijua. Carolina walikaa na Young na Stroud wote wawili ana kwa ana, wakawaangalia wanavyorusha mita chache kutoka walipokaa, wakawa na video zote na vipimo vyote, na wakachagua kama nilivyochagua mimi niliyekuwa kitandani Tabata na bando la usiku.

Nimemtumia dogo haya yote, kwa kifupi kuliko hapa. Kajibu "Sawa braza nimekuelewa vizuri", dakika tano baadae kwenye kundi kamchagua mwenye mkono wa bunduki, mechi 14 chuoni. Shem kaweka vicheko. Mi nimemtumia tu bei za mbuzi mnada wa Pugu aanze kujipanga.